Robo ya Sinia

Mume wa Hidaya hatengwi na sinia ya familia. Hidaya alilisema hilo mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili akiwa amesimama, na mara ya tatu kwa sauti iliyowanyamazisha wagonjwa wote waliokuwa wakingoja nje. Heleen, binti mtaalamu wa lishe wa zahanati ya Saint-Gilles, huku ugenini, alibaki na kalamu mkononi.

"Madamu, sukari yake imepanda," alisema Heleen. "Miezi mitatu iliyopita nilimchorea namna ya kula. Leo kipimo kimepita cha siku ile. Basi ale kwenye sahani yake peke yake, nijue anachokula, na ugali auache kabisa. La sivyo daktari atamwanzishia sindano. Labda anakula kwa siri."

"Astaghfirullah! Mume wangu si mwizi wa chakula."

Kadiri mwenyewe, mzee wa miaka sitini na miwili, aliinamisha kichwa tu. Kwao Buyenzi, kule Bujumbura, anayetengewa sahani ni mwenye ugonjwa wa kuambukiza au aliyegombana na nduguze. Kadiri hakuwa huyu wala yule, na Hidaya aliapa kwamba hatakuwa.

Kesho yake mchana akarudi. Sinia aliipakata ndani ya tramu, imefungwa kwa kitenge, harufu ya samaki imejaa behewa zima, na aliyetaka kukunja pua akunje. Nyuma yake walifuata Kadiri na binti yao Yasmina, wa miaka kumi na saba, aliyejifanya hawajui wazazi wake. Walipoingia kwa Heleen, Hidaya alitua sinia juu ya makaratasi yake yote.

"Jana ulitaka kujua anachokula," alisema. "Haya, tazama."

Jamani, sinia ile! Miezi mitatu iliyopita Heleen alichora duara mfano wa sahani: nusu mboga, robo samaki au maharagwe, robo wanga. Hidaya alilifuata neno kwa neno. Nusu ya sinia ilikuwa mboga za lengalenga, robo maharagwe na samaki, na robo iliyobaki ugali, umesawazishwa kwa kisu kama tofali. Robo hiyo ilielekezwa upande wa Kadiri, maana mchoro ulikuwa wake.

Wakanawa, wakapiga bismillahi, wakaanza. Yasmina akachota mboga na samaki. Hidaya akachota maharagwe. Ugali alikula Kadiri peke yake, tonge baada ya tonge, polepole, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Heleen alisogeza kiti.

"Ugali huu ni wa watu wangapi?"

"Watano. Sisi watatu na kaka wawili wa Yasmina."

"Na mbona nyinyi hamuugusi?"

Yasmina ndiye aliyejibu, akimwonyesha baba yake kwa kidevu. "Ni dawa ya papa. Maman alitukataza."

"Kwa hiyo nyinyi mnashiba nini?"

Yasmina aliangalia viatu vyake. "Viazi vya kukaanga. Tukitoka shule."

Heleen akamgeukia mzee. "Bwana Kadiri, kumbe una njaa kiasi hicho?"

"Njaa gani?" Kadiri alisema. "Nikifika nusu tayari tumbo limejaa. Lakini mulichora. Nikasema bon, dawa haibakizwi."

Hidaya alihisi aibu ikimchoma mpaka masikioni. Miezi mitatu alimlisha mumewe ugali wa watu watano, tena akisifu utii wake! Kuuliza si ujinga, watu husema, lakini yeye hakuuliza. Lakini aibu haikumziba mdomo.

"Umeona sasa?" alisema Heleen. "Ndiyo maana nataka ale kwenye sahani yake."

"Sijaona! Ulichora duara la mtu mmoja bila kuuliza kama nyumbani kwangu lipo. Mimi nikalifuata bila kuuliza. Lawama tugawane. Lakini mume wangu huyu, ukimwambia ale peke yake, atatii. Ukimwambia aache wanga wote, atatii, huku anameza vidonge vya kushusha sukari, mpaka sukari ishuke mno aanguke jikoni. Anatii mno! Usimpe amri. Mpe kipimo."

"Wanga si adui," alisema Heleen. "Mwili unauhitaji. Hapo nilikosea kusema auache. Ubaya ni wingi."

"Basi kiasi gani?"

Heleen alikunja ngumi. "Kama hivi, kwa mlo mmoja. Unga usiokobolewa ni bora zaidi, na mboga ziwe nyingi."

"Ngumi yako au yake?"

"Yake."

"Basi sinia yangu itakuwa na ngumi tano za ugali, za watu watano, na wote tutaula. Dawa ya papa hakuna tena. Na wewe Yasmina, viazi vya kukaanga vimeisha leo."

"Na sukari ikipanda tena?" Heleen aliuliza, na hakuuliza kwa ubaya.

"Ikipanda, mchome sindano. Atachomwa, atanawa, atakaa kwenye sinia yetu."

Hapo wote wakamtazama Kadiri. Mbele yake bado kulikuwa na zaidi ya nusu ya ugali. Aliutazama, akautazama tena, kisha akausukuma taratibu kwa vidole upande wa mkewe.

"Nimeshiba, maman Yasmina."

Kwa miezi mitatu hakuna aliyekuwa amemsikia akilisema neno hilo. Hidaya alimega tonge la ugali, uliokuwa umeshapoa, akala.