Lori Lililopotea Kwenye Mashine

Watu wa Lubumbashi tunajua kushukuru, asikudanganye mtu. Tunashukuru kwa mdomo, kwa kuku, kwa kitenge. Lakini Edith Katongo ana shukrani moja ambayo mpaka leo hajui ailipe kwa kitu gani, na ilianza siku alipomponza mtu mzima asiye na kosa lolote.

Edith ni fundi wa programu. Anakaa Naviundu, chumba na jiko, na kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kumtengenezea Papa Lucien Mwape mfumo wa kompyuta. Papa Lucien ana ofisi ya uwakala wa forodha kule Kasumbalesa, mpakani. Malori yanafika na mizigo, watu wake wanashughulikia makaratasi mpaka malori yavuke kwenda Zambia. Zamani waliandika kwenye madaftari. Edith akawaletea kompyuta, na mbele yake akaketi Mama Ngosa, karani aliyefanya kazi miaka kumi na tisa dirishani pale, akawa anaingiza kila lori: limefika saa ngapi, makaratasi yametoka saa ngapi, nani kayapokea.

Sasa, programu yenye akili huandika shajara yake yenyewe: saa fulani nimefanya hili, saa fulani lile. Mafundi huiita logi. Wala hakuna fundi anayehangaika kuitunga upya. Anachukua maktaba, yaani programu ndogo iliyokwisha andikwa na watu wengine wakaiacha wazi, kila mtu aitumie bure, aisome ndani, na akiona kasoro aseme. Edith alizipenda logi hata akaifanya yake iwe ndiyo daftari lenyewe la malori. Ikisema lori limepita, basi limepita. Kilichobaki kilikuwa kuchagua maktaba, na hapo ndipo alipojikwaa.

Zilikuwa mbili mezani. Moja ilikuwa ya polepole, iliandika kila mstari kwenye diski papo hapo, mmoja mmoja, kama mama mzee anayehesabu mayai, na walioisifu hawakufika mia tatu. Ya pili ilikuwa na sifa za watu elfu arobaini na mbio za ajabu. Siri ya mbio zake ilikuwa kwamba haikuandika mara moja. Iliweka mistari pembeni kwanza, kwenye kumbukumbu ya muda, ikishajaa ndipo iiandike yote kwa mkupuo. Edith aliisoma siri hiyo, akaiona ni ujanja mzuri, akaendelea na maisha yake. Watu elfu arobaini hawawezi kukosea wote, si ndiyo? Haya.

Angeligundua kosa siku za majaribio, kama si heshima. Papa Lucien ni mtu wa kupokea wageni. Fundi anakuja kutoka mjini, msichana msomi, mtoto wa watu, je, umeme umkatikie mbele za watu? Aibu gani hiyo! Akaamuru jenereta iwake asubuhi mpaka jioni, ikanguruma siku tatu, na soda baridi juu ya meza. Edith akajaribu mfumo wake katika nchi ambayo umeme haukatiki kamwe, nchi iliyodumu siku tatu ndani ya uzio mmoja wa Kasumbalesa. Kila kitu kikaenda barabara. Jioni ya tatu wakapiga picha, jenereta ikazimwa, na fundi akarudi nyumbani akiwa na furaha tele.

Mwezi wa tano watu wa forodha wakauliza kuhusu lori moja: makaratasi yake yalitoka saa ngapi? Papa Lucien akaangalia kwenye mfumo. Lori halipo. Halikufika, halikutoka, halikuzaliwa. Mama Ngosa akasema aliliingiza kwa mikono yake. Papa Lucien akasema mashine haina ndugu wala rafiki, haiwezi kumsingizia mtu. Mwenye kufuta ni binadamu, na binadamu hufuta akishaonjeshwa kitu na dereva. Akampa barua ya kumsimamisha kazi mwezi mzima, na mwisho wa mwezi angemfukuza. Kasumbalesa ni ndogo. Karani akishasemwa kwamba amefuta lori, hakuna dirisha lingine litakalompokea, hata akiwa na miaka kumi na tisa ya kazi safi.

Edith alipigiwa simu ili athibitishe tu kwamba mfumo ni mzima. Akafungua logi akiwa nyumbani Naviundu. Mistari ilikuja vizuri mpaka saa nane na dakika saba mchana, kisha ikaruka hadi saa tisa na nusu. Katikati patupu. Alikaa akiangalia lile pengo. Umeme ulikatika. Mistari iliyokuwa pembeni ikisubiri kuandikwa ilikufa pamoja na mashine, na lori likafa nayo. Wala hakuna aliyelijua hilo isipokuwa yeye.

Nisikufiche, alinyamaza. Akamwambia Papa Lucien bado anachunguza, akanyamaza Ijumaa, akanyamaza Jumamosi. Kijana wa kwanza katika ukoo wao kushika kazi ya namna ile, ajitangaze kuwa mjinga? Jumapili akaenda misa na mama yake. Wakafika pale pa kujipiga kifua, nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana, na kifua kilimuuma kweli, si kwa ngumi. Jumatatu asubuhi alikuwa kwenye taksi ya Kasumbalesa.

Alisema mbele ya wote ofisini, amesimama, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi.

“Kosa ni yangu, Papa Lucien. Ni miye nalichagua ile maktaba. Mama Ngosa hakufuta kintu.”

Akaomba Mama Ngosa aitwe. Mama akaja na kitenge chake cha kanisani, kana kwamba anaenda mahakamani. Edith akamwomba aingize malori kumi na mawili ya uongo, kisha aende mwenyewe ukutani akashushe swichi kuu. Alishusha. Wakaiwasha tena mashine, wakahesabu. Malori matano. Saba yamekwenda na maji. Mama Ngosa alifunika uso kwa ncha ya kitenge akalia pale pale, na makarani wenzake wakaangalia chini.

Papa Lucien si mtu mbaya, lakini ni mtu wa karatasi. Akasema hii inaonyesha kwamba mashine inaweza kusahau, haionyeshi kwamba siku ile ilisahau. Kisha akafungua droo akatoa maelezo ya maktaba ile, yale yale ambayo Edith mwenyewe alimchapishia kwa majivuno siku ya kuuza mfumo. Yaliandikwa waziwazi kwamba hakuna mstari unaopotea.

“Benye kuitengeneza banasema hivi,” alisema. “Baseme vingine, bao benyewe, mu maandishi. Njo nitaamini.”

Nje, Edith alisubiri matusi. Alistahili, na alikuwa amejiandaa kuyapokea. Mama Ngosa alimwambia amngoje, akarudi ndani, akatoka na kalenda ya parokia iliyokuwa ikining’inia nyuma ya kiti chake. Kumbe mama yule hupika maharagwe yake kwenye jiko la umeme pale pale ofisini, na tangu Januari alikuwa anaandika kwa penseli umeme ulipokatika na uliporudi, kila siku, apate kujua saa ya kuweka sufuria. Siku ya lori ilikuwepo: umekwenda saa nane na dakika tisa. Papa Lucien alikwisha kuikataa, kwa sababu maandishi ya penseli yaweza kuandikwa wakati wowote.

“Bebaka hii, mutoto yangu,” alisema Mama Ngosa. “Pengine bale bantu batajua kuisoma.”

Ndivyo alivyosema, mtu aliyeponzwa, kwa aliyemponza. Edith aliipakata kalenda ile njia nzima mpaka Lubumbashi.

Maktaba ile ina mtunzaji, bwana mmoja wa nchi ya baridi, anayeiangalia saa za jioni akitoka kazini, bila malipo. Edith akamwandikia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, hadharani, mahali ambapo watumiaji wote huandika kasoro. Jibu lilikuja baada ya saa mbili, na jibu lilikuwa mlango uliofungwa: asante, lakini tumeitengeneza kwa ajili ya kasi, na mashine za kazi hazikatikiwi na umeme, nimeifunga mada. Hazikatikiwi! Edith alicheka peke yake gizani, maana hata wakati ule umeme ulikuwa umekwenda.

Akaanza upya. Kwa siku mbili aliandika kalenda nzima ya Mama Ngosa kwenye kompyuta, siku kwa siku, dakika kwa dakika: mara mia mbili na kumi na saba tangu mwaka uanze. Akaeleza ni nani aliyehesabu na kwa nini, maharagwe na yote. Akaeleza majaribio ya jenereta, na hapo hakujihurumia. Akaeleza lori moja, karani mmoja, na zimebaki siku ngapi. Akasema haombi maktaba yote iende polepole. Anaomba jambo moja: mstari ambao ni ushahidi juu ya mtu uandikwe kwanza, ndipo kazi iendelee. Na maelezo yaseme ukweli.

Siku tatu kimya. Siku ya nne bwana yule akajibu, na Edith akayasoma maneno yake mara nyingi hata akayajua kwa moyo. Alisema alishuka chini ya nyumba yake akazima swichi kuu, mkewe akapiga kelele juu, na katika mistari kumi na miwili alipoteza tisa.

“Miaka saba nimeandika kwamba hakuna mstari unaopotea,” aliandika, “na sikuwahi hata mara moja kuzima umeme nikaona. Nisameheni. Mwambie aliyehesabu kwamba nimesoma kalenda yake yote.”

Hakuishia kuomba radhi. Alirekebisha maelezo siku hiyo hiyo, kisha akabeba suala mpaka kwa kundi linaloandika kiwango, yaani kanuni ambazo maktaba zote za namna hiyo hukubaliana kuzifuata. Huko kulikuwa na mabishano, ee bwana wee. Wapo waliosema kasi ndiyo kila kitu. Wapo waliosema tatizo ni la mji mmoja. Hapo wakajitokeza watu ambao Edith hakuwajua, mmoja wa kiwanda cha maziwa, mmoja wa zahanati kisiwani, kila mmoja na umeme wake unaokatika, wakasema hata sisi tumepoteza mistari tukadhani wafanyakazi ni wezi. Edith aliandika, akajibu, akaandika tena. Zikiwa zimebaki siku mbili mwezi wa Mama Ngosa kwisha, watu kumi na mmoja wa kundi lile wakakubali, na sentensi ikaingia kwenye kiwango: mstari wa ushahidi uandikwe kwanza. Chini yake wakaweka shukrani, na jina la kwanza lilikuwa Ngosa wa Kasumbalesa.

Edith alichapisha vyote akampelekea Papa Lucien. Mzee akavaa miwani. Akasoma maelezo mapya, akasoma kiwango, akageuza karatasi nyuma na mbele, akauliza muhuri uko wapi. Edith akasema huko hakuna muhuri, kuna majina ya waliokubali, na mtu yeyote duniani anaweza kwenda kuangalia nani alisema nini na siku gani. Mkubwa wao ni nani? Hawana mkubwa. Papa Lucien akarudia kusoma, safari hii akifuata kwa kidole. Alipofika kwenye lile jina kidole kikasimama. Akavua miwani, akatuma mtu amlete Mama Ngosa, na mama alipoingia, akanyanyuka kwenye kiti, jambo ambalo makarani wa pale hawakuwahi kuliona.

“Mama Ngosa, nalikukosea,” alisema. “Unisamehe.”

Mama Ngosa akasema amesamehe. Akaketi mahali pake, akafuta vumbi la mwezi mmoja kwenye meza kwa kiganja, na Edith akamwonyesha jina lake kwenye karatasi. Alilisoma polepole. Akauliza hawa kumi na mmoja wanalipwa na nani. Edith akasema hawalipwi. Akauliza kama kuna hata mmoja aliyewahi kufika Kasumbalesa. Hakuna. Na yule wa nchi ya baridi? Hata yeye. Machozi yakamlengalenga Mama Ngosa, dereva wa kwanza akiwa tayari dirishani na makaratasi yake mkononi.

“Baandikie,” alimwambia Edith. “Baambie Ngosa iko ku kazi.”

Edith akaketi pembeni yake akaandika hivyo hivyo, kwa Kiswahili cha kwetu, bila kutafsiri.