Bunduki ya Kumpiga Mbwa wa Gawie

Msimu ule tulichoka kufukia wana-kondoo. Kila kukicha Fanus, mume wangu, anarudi kutoka malishoni na gunia begani, na sura yake inatosha, huna haja ya kuuliza ndani mna nini. Lile kundi ndilo pekee lililobaki baada ya ukame. Likiisha, tunauza shamba. Na nani anapakana nasi, ana maji, na siku nyingi analimezea mate bonde letu? Gawie Theunissen. Sasa niambie nimshuku nani mwingine.

Mwanzoni Fanus alisema ni bweha. Nikamwambia, "Bweha gani huyu anayeanzia matakoni?" Bweha huuma koo, kazi ikaisha. Wana-kondoo hawa walitafunwa mapaja, wengine tukawakuta bado wanahema. Ni kazi ya mbwa hiyo, na hapa Karoo hata mtoto anaijua. Gawie anafuga mbwa wa kuwindia, kundi zima, kelele zake zinafika mpaka jikoni kwangu. Sisi tuna mmoja tu, Wagter, ambaye Fanus alimlea kwa chupa ya maziwa tangu hajafumbua macho, akakulia zizini, analala katikati ya kondoo kama ndugu yao.

Basi tukaenda mjini kununua bunduki. Macho ya Fanus hayaoni mbali siku hizi, mpigaji nyumbani ni mimi.

"Nataka ya komeo," nikamwambia mwenye duka. "Navuta, risasi inaingia, nalenga. Mambo ya kumwaga risasi kama mvua waachie wanajeshi."

Akanitolea tatu. Ya kwanza ilikuwa na mtutu mnene, usioyumba hata ukipata moto, lakini uzito wake, loo! Nani ataipandisha mlimani, yeye? Ya pili ilikuwa nyepesi, ila risasi yake upepo wa kwetu ungeichezea. Ya tatu ilikuwa na risasi ndogo yenye baruti nyingi, inayokwenda kasi na kunyooka mpaka ng'ambo ya bonde. Nikaiweka begani, kitako kikakaa. Nikavuta komeo, likateleza bila kukwaruza. Moyo ukatulia.

Mara nikasikia nyuma yangu, "Shemeji, hiyo si kubwa mno?"

Gawie. Kaingia lini, sijui.

"Chukua ile ndogo ya kupigia sungura," akasema. "Bweha unamwita kwa filimbi, anakuja mpaka miguuni."

"Na nani kakwambia ni bweha?"

Akaitazama ile ya tatu. "Basi hata hiyo chukua, lakini usiweke darubini. Ya nini? Utaona mambo ya kukuumiza macho bure."

Ebo! Mtu hataki jirani yake aone mbali, halafu nimwite mtu mwema?

Akamgeukia mume wangu. "Fanus, ndugu yangu, kabla hujatoa pesa, hebu jaribu kumfungia Wagter usiku. Wiki moja tu."

Fanus akacheka, lakini shingo ilikuwa imemwiva kwa hasira. "Nimfunge mlinzi wangu, ili aingie nani?"

Gawie akatoka bila kununua kitu.

"Umemsikia?" nikasema.

"Nimemsikia. Kikulacho ki nguoni mwako," Fanus akajibu. Tukalipia ile ya tatu, na darubini kubwa kuliko zote dukani, kwa kumkomoa tu.

Leseni ilichelewa hadi tukakaribia kukata tamaa. Ilipotoka, kondoo walikuwa wanazaa tena na magunia yameanza tena. Nikailenga bunduki kwenye kipande cha bati mpaka nikaizoea, kisha alfajiri moja tukapanda kilima kilicho juu ya ua wa mpakani, tukalala kifudifudi kwenye mawe ya baridi.

Jua lilipochomoza, kondoo wakaanza kukimbia huku na huku. Nikaweka jicho kwenye darubini. Kulikuwa na kitu kimemkamata mwana-kondoo kwa nyuma, kinamburuta.

"Ni nini?" Fanus akanong'ona. "Bweha?"

"Mbwa."

"Nilijua! Nilijua mimi! Piga, Hester. Unangoja nini? Piga!"

Nikamsukumia bunduki, atazame mwenyewe.

Alitazama muda mrefu. Kisha akainuka, akapiga mluzi, ule wake wa kumwitia mbwa chakula. Wagter akamwacha mwana-kondoo, akapanda kilima mbio, mkia unacheza, mdomo mwekundu mpaka kifuani. Akamrukia Fanus kwa furaha. Fanus akamfuta mdomo kwa mkono wa shati lake.

"Nenda nyumbani, Hester."

"Tumfunge. Fanus, tumfunge, tumpeleke mahali pasipo na kondoo..."

"Akishaonja damu haachi, unajua. Na mbwa wangu hauawi na mtu mwingine. Nenda."

Nikateremka, machozi yakinitoka, sioni njia. Nikamkuta Gawie amesimama upande wake wa ua.

"Nilimwona kitambo, shemeji," akasema. "Mara mbili."

"Na ukanyamaza!"

"Ningemwambia nini Fanus? Kwetu nani anamwambia mwenzake mbwa wako kala kondoo? Afadhali umwambie mwanao ni mwizi."

Nilitaka kumtukana. Tukabaki tumesimama, yeye kule, mimi huku, tunangoja mlio wa bunduki. Ulichelewa sana kuja.