Mtu wa Kurusha Kinyumenyume

Huko Port Ansgar, mji wa viwanda vilivyozimwa pembeni ya ziwa Erie, alikuwepo bwana mmoja jina lake Delbert Hruska, wenyewe wakimwita Del. Kazi yake ilikuwa kuinama na kurusha mpira kinyumenyume, upite katikati ya miguu yake. Basi, hiyo tu. Usicheke, ni kazi, na mshahara alikuwa anapata, na aliifanya miaka kumi na mitano kwenye timu ileile moja, timu ya Tanuru, ambayo mji mzima unaipenda kama watu wanavyompenda mjomba wao mlevi.

Mpira wenyewe si huu wa duara. Ni ule wao wa Kimarekani, umechongoka huku na huku, mtu anaukumbatia kifuani anakimbia nao na wenzake wanakuja kumgonga wamlaze chini. Lakini kuna nyakati unapigwa kwa mguu, upite juu katikati ya milingoti miwili, na hapo ndipo Del anaitwa. Anainama, anachungulia nyuma, anamrushia mwenzake aliyepiga goti kule mbali, mwenzake anaudaka anausimamisha kwa kidole, mpigaji anakuja anaupiga. Sasa mpira ule umeshonwa nyuzi upande mmoja, kama kamba za kiatu. Mguu ukigonga nyuzi, mpira unakwenda mrama. Ndiyo maana Del alijifunza kuuzungusha hewani kwa namna ambayo ukifika kwa yule wa goti, nyuzi zimeshatazama mbele, hana haja ya kuugeuza. Na ukifanya hivyo vizuri miaka yote hiyo, hakuna anayejua jina lako. Kinyozi wa mtaani kwake aliwahi kumlalamikia habari za Tanuru tangu mwanzo wa kunyoa mpaka mwisho, mchezaji mmoja baada ya mwingine, halafu akamuuliza, na wewe bwana unafanya kazi gani? Del akasema yuko kwenye usafirishaji.

Haya. Mwaka huo Tanuru walifungwa mechi ya kwanza. Wakafungwa ya pili. Ya tatu walikuwa wanaongoza mpaka watu wakaanza kuimba, wakafungwa. Mwanzoni wachezaji walikuwa wanarusha kofia zao ngumu ukutani, wanatukanana, kocha anapasuka mishipa ya shingo kwa kupiga kelele. Halafu ikafika mahali vikaisha. Majani yalipopukutika walikuwa wanafungwa, wanaoga, wanakula mabawa ya kuku yaliyopoa, wanaulizana bei ya matairi ya theluji. Kocha anasimama katikati ya chumba, anafungua mdomo, anaufunga, anasema tutaonana Jumatano. Uwanjani nako watu walianza kuja na mifuko ya karatasi ya dukani wameivaa kichwani, wametoboa matundu ya macho, maana hawataki majirani wawaone kwamba wamekuja. Lakini walikuja. Watu wa mji ule ndivyo walivyo, atakuja na baridi yake na mfuko wake na soseji yake, akuzomee.

Del hakukasirika wala hakuhuzunika. Alishangaa mwenyewe. Alikuwa anaendesha gari kurudi nyumbani anajipima, kama mtu anayepapasa mfukoni, aone kama kuna kitu, na hakuna.

Tena si moyo tu. Ile mechi ya tatu, akiwa bado ameinama, jamaa mmoja mkubwa kama kabati alimwangukia kisogoni. Shingo ikajikunja, kitu kama moto kikateremka mkono wa kulia mpaka kwenye kucha, kikapotea. Akainuka akajikung'uta. Siku chache baadaye alitoa trei ya viazi kwenye jiko bila kitambaa, akaibeba hadi mezani huku anaongea, na mkewe ndiye aliyesikia harufu kwanza.

Mkewe anaitwa Noreen. Ni mwanamke wa maneno machache lakini akikuamulia jambo limeamuliwa. Akamkokota mpaka kwa daktari wa mji wa pili, kimyakimya, watu wa timu wasijue. Daktari akasema mfupa wa shingo unaubana mshipa wa fahamu, na akipata pigo jingine baya, mkono huo huenda asiweze hata kufungia kifungo. Del akasema amalizie msimu kwanza. Alikuwa na miaka thelathini na saba, na alijua daktari wa timu akisikia tu neno ganzi, atamweka benchi, na mtu wa umri wake akikaa benchi hasimami tena.

Noreen hakupiga kelele. Akachukua pini kwenye kisanduku cha kushonea. Wakakubaliana hivi: kila Jumatatu asubuhi, wakinywa kahawa, Del ataweka mkono mezani, atatazama pembeni, Noreen atamchoma vidole, yeye ataje ni kipi. Siku atakayoshindwa kutaja, ndiyo siku ya kumwambia daktari wa timu na kuacha mpira. Del akaapa, tena akaapa kwa jina la mama yake.

Sasa pale mezani palikuwa na birika, la chuma, linang'aa kama kioo, alilopewa Noreen na dada yake. Del akitazama pembeni alikuwa anatazama birika. Mle ndani mkono wa Noreen unaonekana, umevimba umekuwa kama wa mtoto, na pini inaonekana.

"Cha kati," anasema Del.

"Sasa hivi?"

"Kile kidogo cha mwisho. Sasa gumba."

Noreen anarudisha pini kwenye kisanduku, anammiminia kahawa. Jumatatu zote ikawa hivyo. Ukimuuliza Del alijisikiaje kumdanganya mke wake mbele ya birika la shemeji yake, angekwambia kweli kabisa, hakujisikia chochote.

Aliyeanza kunusa jambo ni Tavita. Huyu ndiye yule wa kupiga goti, kijana wa Kisamoa, mwili mkubwa, mdomo mkubwa zaidi, alikuwa anamwita Del babu kwa sababu walipishana miaka kumi na nne. Siku moja ya mazoezi, theluji inaanguka, alidaka mpira, akauangalia, akaugeuza kwa kidole.

"Babu, siku hizi mpira unanifikia umenigeuzia mgongo. Nimeukosea nini?"

"Mikono yako imenenepa, bwana mdogo. Punguza kula."

Wakacheka. Lakini Tavita aliendelea kumtazama Del kwa jicho la pembeni wakati anajifunga plasta kwenye vidole, maana Del alikuwa anaikaza mpaka kucha zinabadilika rangi, na haonyeshi hata kukunja uso.

Ikafika mechi ya mwisho, nyumbani, wameshafungwa zote kumi na sita. Na hapa lazima nikwambie utaratibu mmoja wa wale watu. Kule timu iliyo mbovu kuliko zote ndiyo inapewa nafasi ya kwanza kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Mwaka ule kulikuwa na kijana mmoja huko Oklahoma, Colt Brantley, mrushaji, si wa kinyumenyume bali yule anayeiongoza timu nzima, ambaye hata bibi vizee wa Port Ansgar walikuwa wamebandika picha yake kwenye friji. Tanuru wakifungwa na hii, kijana ni wao. Wakishinda hata hii moja, kuna timu nyingine iliyoshinda moja tu nayo, na kwa hesabu zao kijana anakwenda kule. Kwa hiyo uwanja ulijaa. Watu waliokuwa hawaji tangu Septemba walikuja, mifuko kichwani, wameandika juu yake jina la Brantley, wamekuja kuiombea timu yao ifungwe.

Kumbe wapinzani hawakuja kwa nguvu zote, walishafuzu hatua ya mtoano, wamewapumzisha watu wao wakubwa. Zikabaki sekunde chache, Tanuru wako nyuma kwa pointi mbili, na mkwaju katikati ya milingoti unatoa tatu. Mkwaju wa karibu kabisa, mpigaji angeweza kuufunga akiwa na kandambili.

Kocha akaita watu wa mkwaju. Del akavaa kofia akaingia. Watu sabini elfu wa kwao wenyewe wanawazomea wasifunge.

Akainama. Akachungulia. Akamwona Tavita kichwa chini miguu juu, amenyoosha mikono, nyuma yake theluji na mifuko ya karatasi. Akaweka mkono kwenye mpira, akatafuta nyuzi. Alikuwa anazitafuta kwa macho siku hizi, lakini theluji ilikuwa imezifunika. Akaona atulie kidogo, ashike vizuri.

Halafu akamwona Tavita anaruka.

Mpira ulikuwa umeshaondoka. Ulikuwa juu, mbali juu ya kichwa cha Tavita, unajizungusha ovyo kama kuku aliyetupwa. Ukaanguka kwenye theluji, wapinzani wakaulalia, filimbi ikapulizwa, msimu ukaisha.

Na uwanja ukalipuka. Watu walivua mifuko wakairusha hewani, wakakumbatiana, wazee wanalia. Mtangazaji akasoma jina la aliyerusha, kama kanuni inavyotaka, na ile sauti ya sabini elfu ikalidaka. Hruska. Hruska. Hruska. Miaka kumi na mitano hakuna aliyewahi kuliimba, na sasa mji mzima unaliimba, na yeye amesimama katikati ya nyasi na theluji mikono imening'inia. Alingoja kuona kama kitu kitakuja, aibu au furaha. Akaona baridi, basi, tena upande mmoja.

Kule kwenye chumba cha kubadilishia nguo wachezaji wengine hawakumtazama. Wengine walimtazama wakacheka puani. Mkwaju wenyewe ungewapa ushindi mmoja wa kuwaonyesha watoto wao, na kila mmoja alishajiamulia Del amefanya nini. Meneja wa timu akateremka na koti lake refu, kitu ambacho hakuwa amekifanya mwaka mzima, akampiga bega. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mji huu hautaisahau siku ya leo, na apite ofisini wiki inayoanza wazungumze habari ya mwakani. Kisha akamkonyeza, akaenda zake.

Tavita akaja akakaa kwenye benchi kando yake. Hakutania.

"Mimi nimemeza mavumbi ya watu mwaka mzima," akasema. "Nijibu mimi peke yangu, halafu sitauliza tena. Ulikusudia?"

Del alikuwa anajaribu kubandua plasta kwenye vidole. Haibanduki, anakosea ncha.

Ukitaka kujua, hapo ndipo alipokuwa na njia mbili wazi. Akisema ndiyo, Tavita hatampa mkono tena maishani, lakini meneja amekonyeza, mwakani yupo, na mji utamnunulia bia mpaka afe. Akisema siyo, basi lazima aseme ni nini.

"Nilidhani mpira bado ninao mkononi," akasema.

Tavita akamwangalia. Akakiangalia kile kidole anachohangaika nacho. Akauvuta mkono wa Del akauweka juu ya goti lake, akaanza kubandua plasta yeye mwenyewe, polepole, kidole kwa kidole. Kimoja kilikuwa kimechanika pembeni ya ukucha, damu imeganda. Del alikitazama kama anatazama cha mtu mwingine.

"Tangu lini?"

"Mechi ya tatu."

"Noreen anajua?"

Del akaanza kutafuta funguo za gari kwa mkono wa kushoto. Tavita akaikunja plasta ikawa kidonge, akairusha kwenye pipa, ikaingia. Akasema mwaka huu hicho ndicho kitu cha kwanza kuingia popote. Halafu akasema, kwa upole, "Nenda nyumbani, babu."

Njia nzima watu walikuwa wanapiga honi. Kwenye kona ya duka la bia walikuwa wameshaandika HRUSKA kwa rangi kwenye shuka la kitanda. Kinyozi alikuwa amesimama nje na kofia ya Tanuru, alilitambua gari, mdomo ukabaki wazi. Del akampungia mkono wa kushoto.

Noreen alikuwa jikoni. Televisheni alikuwa ameshaizima. Alimtazama mara moja tu, akamwekea supu, akakaa ng'ambo ya meza. Haikuwa Jumatatu, lakini Del akasema alete pini.

"Kesho," akasema Noreen. "Kula kwanza."

"Ilete leo, mke wangu."

Akaileta. Del akanyoosha mkono wa kulia mezani, kiganja juu, na kile kidole kilichochanika. Halafu kwa mkono wa kushoto akalisukuma birika mpaka nyuma ya mkate, lisionekane. Noreen akalifuata kwa macho lile birika, likitoka pale lilipokaa msimu mzima. Akaelewa, nadhani, Jumatatu zote kwa mpigo.

Del akafumba macho. Nje bado honi, mbali kidogo, na mtu anaimba jina. Saa ya ukutani inagonga. Akangoja. Akangoja tena, akaona mkewe labda amekasirika, au anaogopa kumuumiza.

"Haya, anza," akasema.

"Nimemaliza," akasema Noreen.

Akafumbua macho. Kila kidole kilikuwa na tone lake dogo jekundu, na Noreen alikuwa ameshairudisha pini kwenye kisanduku, anaipapasa simu, anatafuta namba ya daktari wa timu.