Kaya ya Watu Arobaini na Saba

Kapitolina Yegorovna alifungua dirisha la jikoni, akateremsha mfuko kwa kamba kutoka ghorofa ya tisa. Upepo wa Februari uliupiga mfuko ukutani, ukauzungusha, ukauachia. Hakuwa na haja ya kuchungulia. Miaka mingi aliendesha kreni katika ujenzi wa mitaa hii hii ya kusini mwa Moscow, akipandisha kuta nzima nzima zenye madirisha yake tayari, na mpaka leo mkono wake ulijua kitu kikigusa ardhi hata kama macho yalikuwa kwingine.

Kamba ikalegea. Mfuko umefika chini.

Akangoja. Ndani ya mfuko mlikuwa na noti na kikaratasi: mkate mweusi, maziwa ya mgando, dawa ya presha. Zamani aliyekuwa akiupokea ni mfagiaji wa uani, mama mmoja mnene aitwaye Gulnora. Alikuwa akienda dukani na kurudi huku akimtupia maneno: "Wewe bibi, iko siku utanivua mimi kama samaki!" Lakini Gulnora alikwenda kwao mwaka mpya, hakurudi. Aliyekuja badala yake alifagia theluji huku masikio yake yamezibwa na muziki, hakuinua kichwa.

Lifti ilikuwa imekufa tangu majani yalipoanza kupukutika. Nyonga ya Kapitolina ilivunjika kwenye barafu majira ya baridi ya mwaka uliotangulia, ikaunga vibaya. Kushuka angeweza, kwa matako, ngazi moja moja, kama mtoto anayejifunza. Kupanda ndiko kulikomshinda. Alijaribu mara moja. Akalala kwenye ngazi za ghorofa ya nne mpaka mwanamume asiyemjua alipomkokota hadi mlangoni kwake na kuondoka bila kutaja jina.

Chini, mtu alipita, akaupiga mfuko teke ukatoka njiani. Mwingine akauruka. Kapitolina akavuta kamba. Noti ilikuwemo. Kikaratasi kilikuwa kimelowa.

Simu ikalia. Alikuwa Rimma Arkadyevna wa ofisi ya ustawi wa jamii.

"Kapitolina Yegorovna, lile ombi lako la mhudumu wa nyumbani limekataliwa."

"Limekataliwaje, mwanangu? Mimi mzee, mlemavu, sina mtu."

"Mhudumu ni wa wazee wanaoishi peke yao."

"Si ndio mimi? Naishi peke yangu."

Upande wa pili kulisikika vidole vikigonga kompyuta. "Mama, kaya yako ina watu arobaini na saba."

Kapitolina akacheka. Alidhani ni utani, na ilikuwa muda mrefu hajataniwa.

"Hapa pana chumba kimoja na jiko. Hao watu wangepangwaje, kama samaki wa kopo?"

"Mnavyolala mimi sijui. Mimi naona majina. Wameandikishwa makazi hapo kwako, na wewe mwenyewe umesaini. Una familia kubwa kuliko mtu yeyote ninayemjua, mama. Mtume mmoja wao akuletee mkate."

"Nakuapia sijawahi kumwona hata mmoja!"

"Basi mwite polisi wa mtaa wako aje aone kwa macho yake. Akisema huishi na mtu, tutaliangalia upya. Nina foleni hapa, mama. Afya njema."

Akabaki na simu mkononi. Ukutani kwa jirani mtu alikuwa akitoboa tundu kwa mashine. Jirani yule hakumjua. Wale aliowajua wote walikuwa wamekufa au wamehamia kwa watoto wao.

Muhuri wa makazi! Aliujua muhuri huo. Alikuja Moscow akiwa na miaka kumi na tisa, kutoka kijiji ambacho sasa kimebaki miti tu, akaajiriwa kwa ahadi kwamba akifanya kazi bila doa atapewa muhuri wa kuishi mjini na chumba chake. Akalala bwenini miaka kumi na mmoja, wanawake wanne chumba kimoja, wakiusubiri. Aliyepata mimba alipoteza zamu yake ya kupewa muhuri. Kapitolina alikwenda hospitali mara mbili, na mara zote mbili kesho yake alikuwa juu ya kreni. Muhuri akaupata. Chumba akakipata. Wa kumweka ndani ya chumba hakupata tena.

Nani alikuwa amemwandikishia watu? Haikumchukua muda kukumbuka. Miaka miwili nyuma, Genadi, msimamizi wa jengo, alimjia na rundo la karatasi. Saini hapa, ni malalamiko ya lifti. Hapa, ni ruzuku ya joto. Na hapa, dhahabu yangu, na hapa. Akaondoka na kitambulisho cha Kapitolina siku nzima, akakirudisha pamoja na keki.

Alimpigia. Genadi akaja jioni hiyo hiyo, anahema, shingo nyekundu.

"Kapitolina Yegorovna, dhahabu yangu! Hizi ngazi zitaniua kabla yako."

"Wale ni nani, Genadi?"

Hakujisumbua hata kukana. "Ni watu. Wanajenga, wanafagia, wanaosha mabasi. Wanataka anwani tu ili wasifukuzwe nchini. Kuna aliyekula mkate wako? Kuna aliyekojoa chooni kwako?"

"Waondoe."

"Waondoe, anasema! Kila mmoja ni kesi yake mahakamani, na ada yake. Na swali la kwanza la hakimu litakuwa: saini hii ni ya nani?" Akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. "Nisikilize. Nisainie ishirini wengine, na kila Ijumaa nitamtuma mtu akuletee vitu mpaka mlangoni. Mkate, dawa, chochote. Nani mwingine atakufanyia hivyo? Hao wa ustawi?"

"Nampigia polisi wa mtaa. Nitamwambia aje."

Genadi akamtazama. Kisha akatoa simu yake, akampigia afisa huyo yeye mwenyewe, akamwita kwa jina la utani, akamuuliza habari za mkewe na ile safari ya uvuvi. "Alhamisi? Vizuri. Kuna bibi yangu hapa anataka kukuona." Akairudisha simu mfukoni. "Alhamisi atakuja. Yule ni rafiki, lakini lazima akute walau mtu mmoja nyumbani, au vipi? Wengine tutasema wako kazini."

"Usiniletee mtu, Genadi."

"Utamkuta mpole kama kondoo," akasema Genadi, tayari yuko kwenye ngazi.

Alhamisi asubuhi mlango uligongwa taratibu, mara mbili. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mabega mapana, kofia ya sufu mkononi. Amebeba mifuko miwili iliyojaa.

"Salamu, apa," akasema. Ndivyo Wakirgizi wanavyomwita mama mtu mzima. "Mimi ni Ulanbek. Genadi amesema unanisubiri."

Kapitolina alikuwa amepanga maneno ya kumfukuza. Aliyapanga tangu usiku. Lakini mifuko ilinukia mkate mbichi, na tangu Jumatatu alikuwa anakula uji mtupu. Akasogea pembeni ya mlango. Mgeni akavua buti, akaziweka sambamba, akaingia na soksi zilizotiwa viraka.

Alileta viazi, vitunguu, mafuta, mifupa ya supu, mikate miwili. Kapitolina aliutoa mmoja akaubwaga mezani kifudifudi. Ulanbek alisogea mezani. Aliuinua kwa mikono miwili, akaugeuza ukatazama juu, kwa kuwa kwao mkate haulazwi kifudifudi.

"Hii imemgharimu nini Genadi?" akauliza Kapitolina.

"Genadi?" Ulanbek akatabasamu. "Genadi hajanipa hata kiberiti, apa. Nimeona si vizuri kuja nyumbani kwangu mikono mitupu."

Akasema "nyumbani kwangu" halafu akaona haya, akaangalia dirishani. "Samahani. Mwaka wa pili sasa nimeandikishwa hapa, na sikujua kama unaona kanisa kutoka dirishani."

Kapitolina akaweka birika motoni. Kikombe cha pili kilikuwa nyuma kabisa kabatini. Alikiosha vumbi, akakiosha tena.

"Afisa akiniuliza, mimi nalala wapi?" akauliza Ulanbek.

"Hulali popote. Hukai hapa."

"Ni kweli, apa. Lakini akiniuliza?"

Birika lilianza kuimba. Kapitolina alimwona anavyokaa ukingoni mwa kiti, kama mtu aliye tayari kuinuka akiambiwa.

"Kwenye kochi," akasema mwishowe. "Lile chini ya saa. Saa imesimama."

"Kwenye kochi, chini ya saa iliyosimama. Na sukari?"

"Kopo jekundu. Chumvi iko kwenye kopo lililoandikwa kahawa."

"Kwa nini kahawa?"

"Kwa sababu kopo la chumvi lina vifungo."

Ulanbek akacheka hadi akaziba mdomo. Naye Kapitolina akacheka, kifua kikamuuma kwa kukosa mazoea. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakanywa chai na jamu ya plamu. Ulanbek akamwambia kwamba anakolala hasa ni kwenye kontena, nje ya mji, kwa zamu, mmoja akiamka mwingine anaingia, kitanda hakipoi. Ana binti, Meerim, yuko kwa bibi yake huko kwao, mji wa Osh. Akikutwa bila anwani atarudishwa, na akirudishwa hataruhusiwa kuingia tena miaka mitano.

"Hapa angesoma vizuri," akasema, akitazama pembe ya jiko, kana kwamba anapima mahali pa meza ndogo.

Kengele ikalia kwa nguvu. Afisa wa mtaa aliingia na buti zake, kofia kwapani, jasho likimtiririka. Alikuwa kijana, lakini tumbo lilikuwa limeshamtangulia.

"Haya, bibi. Niko kazini, sina muda. Nani anaishi hapa?"

Kapitolina alishika ukingo wa meza. Ulanbek alikuwa amesimama, kikombe bado mkononi, anamtazama kama mtu anavyomtazama ndugu. Mikate ilikuwa miwili. Kwa kubana ingefika Jumapili. Na Jumatatu? Mhudumu wa ustawi angekuja kila wiki, mpaka kufa kwake, na siku ya kufa angalau yuko ambaye angegonga mlango.

"Peke yangu," akasema.

"Na huyu?"

"Simjui."

"Apa," akasema Ulanbek, kwa sauti ndogo. Hakukuwa na hasira ndani yake.

"Humjui," akasema afisa. "Genadi aliniambia mambo mengine, lakini si kitu, bora hivyo. Mwezi huu bado nadaiwa kukamata wawili na bosi ananiandama." Akamnyooshea Ulanbek mkono. "Karatasi zako."

"Afande, mimi nimelipa."

"Kila mtu amelipa, rafiki yangu. Vaa viatu."

Ulanbek akainama mlangoni kufunga kamba za buti. Hazikufungika upesi.

"Na mimi, mwanangu?" akasema Kapitolina. "Ofisi wanataka neno lako. Kwamba umeona naishi peke yangu."

Afisa akapumua, akajikuna shingo. Alionekana hata kumhurumia. "Bibi, fikiri kidogo. Nikiandika kwamba hawaishi hapa, maana yake nimeandika kwamba uliwauzia anwani. Saini ni yako. Hilo lina kifungo. Unataka niandike?"

Kapitolina akaushika tena ukingo wa meza.

"Basi kaeni kwa amani," akasema afisa, akivaa kofia. "Sasa mmebaki arobaini na sita."

Wakatoka. Mlango ukabaki wazi, na baridi ya ngazi ikaingia mpaka jikoni. Kapitolina akajikokota, akaushika mlango, lakini hakuufunga, kwa sababu kule chini Ulanbek alikuwa ameanza kusema, kwa nguvu, katika Kirusi chake kilichovunjika, kila neno peke yake.

"Mimi nalala kwenye kochi! Chini ya saa! Saa imesimama!"

"Tembea," akasema afisa.

"Sukari, kopo jekundu! Chumvi, kopo la kahawa! Kopo la chumvi lina vifungo! Nani mwingine anajua hivyo? Dirishani kuna kanisa! Panda umuulize, afande! Muulize kama si kweli!"

Kwenye ghorofa ya saba mlango mmoja ulifunguka kidogo, ukafungwa. Hatua zikaendelea kushuka. Kapitolina alisimama kizingitini na mdomo wazi, amejaza pumzi kifuani, na sauti ilikuwa imefika ghorofa ya tano, na bado ilikuwa inasikika vizuri.