Shuka Lililoota Miguu

Ile kesi ya shuka naijua kuliko mtu yeyote, maana nilikaa benchi la mbele nikaiona kwa macho yangu haya. Haya basi, lilikuwa benchi la nyuma, na miwani niliiacha nyumbani. Lakini masikio nilikwenda nayo.

Aliyesimama kizimbani ni rafiki yangu wa tangu ujana, mfuta ubao wa chuo cha sheria. Kizimba chenyewe kilikuwa meza mbili zilizolazwa ubavu, na hakimu ni mwalimu wa sheria ya jinai ndani ya joho lililomzidi mabega. Kila mwaka wanafunzi hufanya mahakama ya mazoezi, na kila mwaka hutafuta wa kushtakiwa. Wao kwa wao hakuna anayekubali, wote wanataka kuwa mawakili. Basi humshika huyu, tunayemwita Ndoto.

Jina hilo hakupewa bure. Akifuta ubao huanzia chini kwenda juu, polepole, kitambaa kibichi mkononi, na maneno ya mwalimu humfuata hadi kitandani. Kitendo. Nia. Shaka. Vumbi la chaki humtua kwenye nyusi mpaka unadhani alilala ndani ya gunia la unga. Ukimsemesha leo, anakujibu kesho.

Ndiyo maana shuka lake alilolitarizi mwenyewe lilipotoweka kambani, hakuna aliyemwamini. Wifi yake, anayekaa naye nyumba moja tangu wote wawili wafiwe na waume zao, alisema siku ile alishinda kwa mgonjwa, hakuona shuka wala kamba. "Hukuanika, wifi yangu. Umeota." Mwana wa Ndoto akasikia, akaingiwa na wasiwasi: mama anasahau. Sasa alikuwa amekuja na gari la kuazima. Kesi ikiisha, Ndoto angerudisha funguo za madarasa na kwenda kukaa kwake, alelewe kama yai.

Na Ndoto alikubali. Hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa ameanza kuamini kwamba kweli aliota. Wanafunzi walipomuuliza ashtakiwe kwa kosa gani, akasema, "Shuka. Nimeiba shuka la jirani." Labda alitaka kulitazama kwa upande wa pili.

Mwendesha mashtaka, binti mwenye sauti ya kengele, akaanza. "Mheshimiwa, mshtakiwa alinyemelea usiku, akalinyofoa shuka kavu kambani, akatokomea nalo!"

"Mama, ulilichukua?" mwalimu akauliza.

Ndoto alikuwa akitazama feni ya darini ikizunguka kivivu. "Mikono yangu inakumbuka uzito wake," akasema, "lilivyokuwa limekunywa maji, nikalirusha kambani. Mengine siyajui."

Wanafunzi wakacheka. Mshtakiwa gani huyu, anasema kama aliyeibiwa!

"Kuchukua peke yake hakutoshi," mwalimu akawaambia. "Mkono umetenda, sawa. Je, saa ileile moyo ulitaka nini? Na mshtakiwa hadaiwi neno. Mzigo ni wenu, upande wa mashtaka. Thibitisheni nia."

"Nia ni tamaa, mheshimiwa! Huyu ni mwizi mzoefu, hana haya, anavizia vitu vya wajane!"

Kwenye benchi la pili, kando ya mwana wa Ndoto, wifi alikuwa akijipepea kwa kiganja. Kila neno la yule binti lilimsogeza ukingoni mwa benchi.

"Mwizi gani!" akalipuka, akasimama. "Usiku wa wapi? Ilikuwa mchana, na hata halijakauka vizuri! Wingu limetanda, mtu kaona shuka la watu litalowa upya, kaliingiza ndani. Huo ndio wizi? Nia ilikuwa njema kabisa!"

Hata sisi wasinziaji wa nyuma tuliamka.

Mwalimu, asiyejua lolote la nyumbani kwao, alifurahi kupata shahidi. "Vizuri sana, mama. Na mvua ilipokatika, huyo mtu alilirudisha?"

"Si alijifunika kidogo tu. Kulikuwa na baridi. Halafu watu wakaanza kuuliza-uliza..."

"Akaona aibu?"

"Angefanyaje?"

Mwana wa Ndoto aligeuka taratibu. Funguo za gari zilikuwa zikining'inia kidoleni mwake. "Shangazi," akasema, "si ulituambia siku hiyo ulishinda kwa mgonjwa?"

Shangazi akajitengeneza kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

"Huyo mgonjwa," akasema kwa sauti ndogo, "alipona mapema."

Hakuna aliyecheka. Kizimbani, Ndoto alikuwa ameiacha feni. Alikuwa ameigeuza mikono yake viganja juu, anaitazama, kama mtu anayesikiliza mvua kwa mbali.