Kinyozi Akifika Dirisha la Nyuma

Mzee Honi alipata jina lake zamani, alipokuwa bado anaendesha malori ya saruji, lakini miaka ya karibuni alilistahili zaidi. Alipiga honi akitoka getini, akapiga kwenye kona, akapiga akikaribia duka, na akirudi nyumbani alipiga tena, utadhani nyumba nayo ingempisha. Watu wa mtaani walimpenda na kumkwepa kwa wakati mmoja.

Honi hazikumsumbua bintiye. Kilichomkosesha raha ni kwamba mzee alikuwa ameligonga geti, halafu chungu cha maua cha jirani, halafu geti tena, na kila mara alishikilia kwamba kitu hicho kilisogezwa. Mama alikwisha kata shauri: hapandi gari lile labda wampakie akiwa maiti. Binti alikuwa akishinda kutwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anapima misumari na kuchanganya rangi, na breki zikilia barabarani aliacha mizani ikining'inia akachungulie kama ni gari lao la bluu. Watoto wa shule walipita mbele ya geti lao kila asubuhi. Aliogopa sana, na hofu hiyo ilikuwa inalala naye na kuamka naye.

Walipomwambia mzee aache kuendesha, alikunywa chai yake mpaka tone la mwisho ndipo akajibu.

"Siku utakayopata leseni, funguo nitakukabidhi mwenyewe. Kabla ya siku hiyo, asinisogelee mtu."

"Na nani atanifundisha?"

"Swali gani hilo?" Mzee aliudhika kwelikweli. "Nimezeekea kwenye usukani, halafu mwanangu akalipe watu baki wamfundishe?"

Basi akafundishwa na baba. Gia alizishika upesi, mlima akaupanda bila gari kumzimikia. Kilichobaki ni kile kinachowaliza watu wengi kwenye mtihani: kuegesha kando ya barabara, kinyumenyume, katikati ya magari mawili. Kwa somo hilo mzee alimpeleka mtaa mmoja tu, siku zote, mahali palepale, mbele ya kibanda cha njano cha kinyozi.

"Simama sambamba na gari la mbele," alisema. "Rudi nyuma taratibu. Kinyozi akifika dirisha la nyuma, kata usukani wote. Ukifika usawa wa mlango wa fundi viatu, urudishe. Ukisikia harufu ya gundi, umefika. Zima."

Binti hakuona ajabu yoyote. Alidhani ndivyo wanavyofanya madereva wakongwe. Alirudia na kurudia mpaka kinyozi mwenyewe akaingia kwenye somo: akiona gari la bluu linarudi nyuma, husimamisha mashine katikati ya kichwa cha mteja na kuinua kidole. Kidole kikiinuka, binti anakata. Gari lilikuwa likiingia pale kama droo kwenye kabati, na mzee akapiga honi ya kupongeza.

Siku ya mtihani mtahini alikuja na gari la ofisi. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye uso wa mtu aliyekwisha kutishwa vya kutosha na watu asiowajua. Akamwelekeza binti mpaka nyuma ya posta, barabara ambayo hakuwahi kuikanyaga.

"Egesha katikati ya hayo magari mawili."

Alisimama sambamba, vizuri kabisa. Akaingiza gia ya nyuma, gari likaanza kurudi. Akatazama dirisha la nyuma, akaona ukuta mweupe. Akaendelea kurudi, na ukuta ukaendelea kuwa ukuta.

"Dada, unatafuta nini?"

"Kinyozi."

Mtahini akalifikiria jambo hilo. "Mambo ya nywele baadaye. Kata usukani."

Akakata, kwa kuchelewa na kwa nguvu. Gari likapanda ukingo kwa makalio, pua ikabaki barabarani, na pipa la taka likalala chini kifudifudi. Mtahini akashuka, akaliinua pipa mwenyewe, akarudi, akafunga mkanda.

"Kioo hiki," akasema, akikigusa kwa ncha ya kalamu, "ulidhani ni cha kupakia poda?"

Ndipo binti akakitazama. Kila kitu kilikuwa humo: pipa, ukingo, mwanamke mwenye kikapu aliyesimama kuwashangaa. Akakumbuka kioo cha gari lao. Kile kilikuwa kinatazama dari, siku zote, na vya pembeni vilikunjwa ili visivunjwe na wapita njia, ndivyo baba alivyomwambia. Katika masomo yote yale baba alikuwa amemtaja kinyozi, akaitaja gundi, akamtaja fundi viatu pamoja na mlango wake. Kioo hakuwahi kukitaja.

"Nani alikufundisha?"

"Baba."

"Bado anaendesha?"

"Kila siku."

"Mungu amlinde," alisema mtahini, akiandika. "Na sisi pia."

Binti alirudi nyumbani kwa miguu. Kufeli kulikuwa kumeshamtoka akilini.

Mzee alikuwa uani, ndani ya gari, keshaketi nyuma ya usukani. Alimjua kwa hatua zake.

"Unatembea kama mtu aliyefeli. Walihamisha kinyozi?"

"Walinipeleka barabara nyingine."

"Uonevu mtupu!" Mzee akasonya. "Panda. Twende nikakuonyeshe tena."

Binti akapanda kiti cha pembeni. Mzee akawasha gari, akapiga honi, akaingiza gia ya nyuma. Kabla hajaachia klachi, binti alinyoosha mkono, akakishusha kioo kutoka darini na kukigeuza kumwelekea baba yake. Kikipita mbele ya macho yake, akamwona mama humo. Upepo ulikuwa umeangusha nguo kutoka kwenye kamba, naye alikuwa ameinama anaziokota, hatua chache nyuma ya gari. Honi hakuijali. Ile ilikuwa inalia tangu asubuhi.

"Baba, subiri. Nyuma kuna nini?"

Mzee akatazama kioo. Alikitazama kwa muda mrefu, akakunja macho, akasogeza uso karibu.

"Ukuta."

"Na kabla ya ukuta?"

"Mwanangu, ukuta ni ukuta."

Binti akauzungusha ufunguo, injini ikazima.

"Ni mama."

Mara hii mzee hakusema kwamba kitu kimesogezwa.

"Yuko mbali?" aliuliza hatimaye.

"Hapana."

"Amevaa nini?"

"Gauni la kijani."

"Lile lenye kola?"

"Hilohilo."

"Nilidhani alishaligawa." Akauchomoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha bintiye na kukifunga vidole.

"Nimefeli, baba."

"Nimesikia."

Alishuka, akalizunguka gari kiganja kikiwa juu ya boneti, akafika mlango wa pembeni na kusubiri mpaka binti asogee kiti cha usukani. Akaketi. Mkanda aliufunga kwa kupapasa.

Mama alikuja dirishani, nguo zimemjaa mikononi. "Umepata leseni?"

"Sijapata."

"Sasa mbona uko kwenye usukani?"

"Hatuendi popote," alisema mzee. "Hana leseni."

Mama akawatazama, huyu, kisha yule. Akageuka kwenda zake.

Binti alikishika kioo, akakiweka sawa na kimo chake. Macho yalikuwa yamemjaa machozi na ilimbidi ayafute kwanza.

"Yuko wapi sasa?" aliuliza mzee.

"Amefika kwenye kamba. Anaanika shati lako jeupe."

"Vizuri." Mzee aliegemea kiti, mikono mapajani, haijui pa kukaa. "Akiondoka, uniambie."