Wageni Watatu kwenye Sinia Langu

Usiku wa jana niliota mizani ya wodini inanisemesha.

"Mia moja arobaini na mbili," ilisema. "Nimesema polepole, watu wasisikie."

Niliishukuru. Jina langu ni Saumu, nilizaliwa mwezi wa Ramadhani, na nesi akiita jina hilo kisha nikainuka mimi, watu hucheka. Mizani yenye adabu si kitu cha kudharau.

Mkononi nilikuwa na karatasi ileile aliyonipa Dokta Mlaki mchana, yenye picha tatu za tumbo, kila moja na namna yake ya kulipunguza, na kisanduku chini ya kila picha. Nitie alama kwenye kimoja, asubuhi nipasuliwe. Nimeshaahirisha mara mbili. Nina sukari, nina kiungulia kinachoniamsha usingizini, na kidole kidogo cha mguu wa kushoto hakisikii tena nikikifinya. Marehemu mama alianza na kidole hichohicho. Nilikuwa naogopa kisu na naogopa kidole, na sikujua kipi nikiogope zaidi.

"Pita," ikasema mizani. "Wageni wako wamefika."

Nikasukuma mlango wa chumba cha upasuaji. Ndani ni uani kwa mama, Pangani, jua la saa saba mchana. Mkeka umetandikwa, na wageni watatu wamelizunguka sinia.

Wa kwanza ni Mpira, pete nyembamba iliyovaa kanzu ya kupigwa pasi. Wa pili ni Mkasi, ambaye hacheki. Wa tatu ni Mshono, mzee aliyejizungushia uzi mwili mzima, na shingoni ana futi ya fundi cherehani.

Kwenye sinia hakuna wali. Kuna tumbo langu, limeoshwa vizuri na kukamuliwa ndimu.

"Asalaam aleikum," likasema tumbo.

"Waaleikumu salaam," nikajibu. Ningefanyaje?

"Karibu, mwenye nyumba," akasema Mkasi. "Tunakusubiri wewe."

Kwetu kuna desturi, na mama hakuwa na mchezo nayo: mwenyeji haachi kula wala hatoi mkono siniani kabla ya mgeni. Ukitoa, umemfukuza. Kwa ajili ya desturi hiyo mama alikuwa akila chakula cha mchana hata mara nne, kila mgeni na sinia lake, mpaka sukari ikamkuta palepale mkekani. Nami nimeifuata miaka arobaini na moja. Basi nikaibana karatasi kwapani, nikanawa, nikakaa, nikatia mkono.

"Mimi sikati kitu," akaanza Mpira huku anatafuna. "Namvaa huyu tumbo kwa juu, nambana. Ukinichoka, wananivua."

"Na nitapungua?"

"Kidogo kuliko kwa wenzangu. Na wengi hurudi kunitoa." Akainamisha kichwa, akanyofoa kipande kingine.

"Mimi nachukua robo tatu na zaidi," akasema Mkasi. "Linabaki kama ndizi moja. Nikichukua, sirudishi."

Kiungulia changu kikakohoa kooni. "Muulize habari zangu," kikasema.

"Huyo naweza kumzidisha," akasema Mkasi bila haya, akala vipande vitatu.

Mshono akafuta mdomo kwa futi yake. "Mimi nabakiza mfuko wa kiasi cha yai, nauunganisha na utumbo huku chini, chakula kipite njia fupi. Sukari mara nyingi hushuka. Kiungulia hutulia. Lakini vidonge vya vitamini utameza maisha yako yote, na ukila halua utatoka jasho mpaka uombe toba."

"Na nikifa mezani kwako?"

"Hutokea, mara chache. Kwetu sote watatu."

Wakaendelea kula. Na mimi, mwenyeji, nakula. Namega, nameza, sinia linaonekana chini, na wageni bado wanakula.

"Saumu," tumbo likaniambia kwa upole, "hawa hawashibi. Ukiwasubiri, tutakwisha."

Naangalia mguu. Kidole kidogo hakipo. Kinachofuata nacho hakipo. Nataka kutoa mkono, mkono hautaki. Mkasi anamega tonge kubwa na kunitazama usoni. Nimeogopa mpaka meno yanagongana, na bado natafuna.

Hapo mama akatoka jikoni. Amefariki mwaka wa sita huu. Amekuja kwa mguu mmoja, mikono imejaa manjano, na kwenye dole gumba kuna lile kovu la mbuzi ya kukunia nazi, iliyomkata mwaka niliozaliwa. Wageni hakuwasalimu. Jambo hilo lilinitisha kuliko mengine yote.

Akanishika kiwiko.

"Toa mkono."

"Mama, wageni hawajamaliza."

"Wakamalizie kwao. Toa."

"Lakini wewe hukutoa hata siku moja!"

"Na mguu wangu uko wapi?" akauliza mama. "Waliponiambia kidole, nikasema kesho. Waliponiambia mguu, nikasema kesho. Mara ya tatu hakuna aliyeniuliza kitu."

Akauvuta mkono wangu siniani. Wageni wakaacha kutafuna. Nililia kwa sauti, kwa hofu na kwa aibu pia.

"Una kiungulia?" akauliza mama.

"Ninacho."

"Una sukari?"

"Ninayo."

"Basi mgeni wako unamjua. Hawa wawili wape maji wanawe."

Mpira na Mkasi wakanawa, wakaaga vizuri. Mshono akabaki, anakunja futi yake. Mama akachukua karatasi kwapani kwangu, akaibandika dole lake, akarudi jikoni akirukaruka.

Niliamka Sista Ndelwa anafungua mapazia. Nikakifinya kidole kidogo. Kipo, na hakisikii.

"Dada Saumu," akasema, "uko tayari, au nimwambie daktari ni kesho tena?"

Neno lilishafika mdomoni. Badala ya kulisema nikaingiza mkono chini ya mto, nikampa karatasi. Sikuwa nimeitazama tangu jana mchana.

Sista akaigeuzageuza kwenye mwanga, akainusa. Ndani ya kisanduku cha picha ya tatu kulikuwa na alama ya dole gumba, ya manjano, imepasuliwa katikati na mstari mweupe.

"Hili dole la nani?" akauliza.

Nikaangalia madole yangu yote mawili. Hayana kovu.

"La mama," nikasema. "Twende leo."